Maswali ya Jikoni: Kuni, Mkaa Mbadala na Moshi Unaorudi Ndani

Baridi imeingia nyanda za juu na barua zimeongezeka. Nyingi zinalalamikia kuni au mkaa, kumbe shida iko kwenye hewa: inaingia wapi, inatokea wapi, na ni nini kimeiziba. Tumechagua hizi.

Moshi umegeuka

*Hamjambo wahariri. Fundi alinijengea jiko banifu la udongo lenye mashimo mawili na dohani ya bati. Mwanzoni lilivuta vizuri sana. Sasa moshi unatokea mlangoni pa kuni, na sufuria ya shimo la pili haichemki hata nikichochea saa nzima. Nibomoe nianze upya? Mama wa watoto watatu, Lushoto.*

Usibomoe kitu bado, mama. Jiko lililokuwa likivuta kisha likaacha, mara nyingi limeziba tu. Liache lipoe kabisa, toa sufuria zote, kisha ingiza mkono kwenye njia inayotoka shimo la kwanza kwenda la pili, na ile inayopanda kwenye dohani. Pale njia inapopinda ndipo majivu mepesi na masizi yanapojikusanya. Usishangae ukitoa kopo zima.

Ukimaliza hapo, safisha dohani yenyewe. Funga gunia kuukuu kwenye kamba pamoja na jiwe la kulipa uzito, mtu alishushe kutoka juu ya paa na kulipandisha mara kadhaa. Wewe ukiwa chini, ziba mashimo ya jiko kwa vitambaa vilivyolowa, la sivyo masizi yatamwagika jikoni kote. Jiko linalowashwa kila siku lisafishwe hivyo kila mwezi. Kama kuni zako ni mbichi, kila baada ya wiki mbili. Moshi wa kuni mbichi una mvuke na utomvu mwingi. Ukikutana na bati la baridi huganda kuwa lami nyeusi inayong'aa. Lami hiyo haitoki kwa gunia, hukwanguliwa kwa bati au brashi ya waya. Siku ikishika moto, dohani huunguruma na bati huwa jekundu, na mbao za paa zilizo karibu ziko hatarini. Bomba la bati tupu likae mbali na mbao kwa sentimita 45 hivi. Likipita kwenye nyasi au makuti, hatari ni kubwa zaidi.

Dohani ikiwa safi na bado moshi unarudi, tazama urefu wake. Lushoto ni milimani: nyumba ikiwa chini ya mteremko, upepo unaoshuka hupiga mdomo wa dohani na kuusukuma moshi chini. Mdomo uwe juu ya mgongo wa paa kwa sentimita 60 angalau. Kofia nayo isikalie mdomo. Iachie nafasi isiyopungua nusu ya upana wa bomba. Tumekwisha kuona picha za dohani nyingi zilizovikwa kofia ya kubana kwa kuogopa mvua, na mwenye nyumba analaumu kuni.

Kisha tazama unavyotia kuni. Nusu ya chini ya mlango ni ya hewa. Ukiujaza mlango mpaka juu, moto unakosa pumzi na moshi unatafuta njia ya karibu, ambayo ni usoni pako. Weka kirafu mlangoni, kipande cha bati nene au nondo tatu zilizolazwa, kuni zikae juu yake na hewa ipite chini. Kuni tatu au nne zinatosha, unene wa dole gumba mpaka mpini wa jembe. Usizisukume zote ndani kwa pamoja. Sogeza kadiri ncha zinavyoungua. Mdomo wa jiko wa sentimita 12 kwa 12 una eneo la sentimita za mraba 144, ilhali bomba la inchi 4 lina kama 80 tu. Bomba hilo linaweza moto wa kuni chache zilizokauka, haliwezi mzigo. Ukija kulibadilisha, nunua la inchi 5 au 6.

Asubuhi dohani ikiwa ya baridi haivuti. Kabla ya kukoka moto, washa karatasi moja au konzi ya majani makavu chini yake kupitia shimo la pili, kisha rudisha sufuria haraka. Hewa ya moto ikishapanda, koka kama kawaida.

Sasa hilo shimo la pili. Hapo fundi amekosea. Weka sufuria, pima kutoka kitako chake mpaka sakafu ya njia ya moto. Ikizidi sentimita 3, moto unapita chini bila kugusa sufuria. Pandisha sakafu kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, ibaki nafasi ya sentimita 2 hadi 3, acha ikauke wiki nzima kivulini, kisha koka moto mdogo siku mbili tatu kabla ya kupika. Hata likirekebishwa, usitegemee lianzishe maharage. Kazi yake ni kuendeleza chungu kilichokwisha kuchemka na kupasha maji ya kuoga. Na likiwa halina sufuria, lifunike. Shimo wazi huivutia dohani hewa baridi na kuunyima moto nguvu.

Ipi nianze kuikata?

*Nina mikaratusi, miwati na misonobari shambani. Ipi ni kuni bora, na zikauke muda gani? Mkulima, Mufindi.*

Mwati kwanza, ndugu. Unatoa kaa zuri na moto wake ni mtulivu. Mkaratusi ni mzuri ukikauka, ila uchanje ungali mbichi. Ukikaukia kwenye gogo, nyuzi zake hujisokota na shoka linadunda. Msonobari una utomvu, unawaka haraka na kujaza masizi. Tumia vijiti vyake kukokea, usiufanye kuni za kupikia.

Mzigo wa kilo 20 wa kuni mbichi unaweza kuwa na lita 10 za maji ndani yake, na jiko lako litayageuza yote kuwa mvuke kabla ya kukupa joto la maana. Zikichanjwa na kupangwa juu ya magogo mawili, zisiguse ardhi, zikaezekwa kwa juu na kuachwa wazi pembeni, hukauka kwa miezi mitatu ya kiangazi. Kwa ukungu wa Mufindi hesabu sita. Usizifunike turubai mpaka chini, zitaota ukungu. Ukitaka uhakika, chagua ukuni mmoja, uandikie uzito wake kwa chaki, upime kila wiki. Ukiacha kupungua, rundo lote liko tayari. Kuni kavu pia huwa na nyufa kwenye ncha, ganda linabanduka, na ukizigonganisha zinalia kwa sauti kali.

Nguzo kuukuu zilizotiwa dawa, mbao zenye rangi na vipande vya samani vyenye gundi visiingie jikoni kabisa. Dawa nyingine za nguzo zina aseniki, na hiyo hubaki kwenye majivu.

Maganda ya korosho

*Huku kwetu maganda ya korosho ni ya bure na yanawaka kama petroli. Mbona majirani wananikataza? Mpishi, Mtwara.*

Wana haki. Ganda bichi lina mafuta yanayobabua ngozi, na moshi wake huwasha macho, koo na ngozi. Viwandani huchomwa kwenye matanuru yenye dohani ndefu, tena mara nyingi baada ya kukamuliwa mafuta. Kwenye jiko la nyumbani, hapana.

Mkaa mbadala unaovunjika

*Tunatengeneza mkaa mbadala kwa vumbi la mkaa na unga wa muhogo. Shule moja jirani imeacha kuni na inataka kununua kwetu, lakini wanasema unavunjika kwenye gunia, unachelewa kushika na unaacha majivu mengi. Mwanzoni unatoa moshi pia. Vijana wanne, Morogoro.*

Mmeandika wakati mzuri. Tangu amri ya serikali kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024, wateja wa namna hiyo wapo. Lakini mpishi wa shule hana subira na mkaa mbaya. Tuchukue malalamiko moja moja.

Majivu. Hayo ni mchanga. Vumbi linazolewa chini, sokoni au kwenye tanuri, na udongo unakuja nalo. Chota konzi moja, itie kwenye ndoo ya maji na koroga: mkaa mwingi utaelea, mchanga utazama. Kama chini kuna tabaka linaloonekana, badilisheni mahali pa kununua, au mwambieni muuzaji atandike turubai. Wengine huongeza udongo wa mfinyanzi kama gundi. Unashikamana vizuri, ila kila kilo ya udongo inayoingia inatoka ikiwa kilo ya majivu, na mteja anailipia.

Moshi. Una chanzo cha aina mbili. Kwanza ni vipande ambavyo havikuiva kuwa mkaa. Vina rangi ya kahawia ukivivunja, navyo vitolewe wakati wa kuchekecha. Pili ni wanga uliozidi. Kwa kilo 10 za vumbi kavu lililochekechwa, gramu 600 hadi 800 za unga wa muhogo zinatosha. Ukifika kilo moja na nusu unapika uji, na mkaa utaota ukungu kabla haujakauka. Unga uvurugwe kwanza kwa maji baridi, kisha umiminwe kwenye maji yanayochemka, jumla lita 4 hivi, ukoroge mpaka uache weupe na kuvuta kama gundi. Uji mbichi haushiki, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuvunjika.

Changanya uji ukiwa wa moto. Ongeza maji kidogo kidogo. Kamata donge, likamue kwa nguvu: likishikamana na vidole vikalowa bila maji kuchuruzika, limefaa. Likichuruzika, mkaa utapasuka wakati wa kukauka; likimeguka ukifungua kiganja, halijapata maji ya kutosha.

Kuchelewa kushika kunatokana na vumbi laini mno. Likishindiliwa hewa haipiti. Changanyeni theluthi mbili ya vumbi laini na theluthi moja ya chenga za milimita 2 hadi 4, na mkipata mashine, tumieni ile inayoacha tundu la sentimita 2 katikati. Tundu hilo huongeza mahali pa moto kushikia.

Kukausha ni siku nne au tano za jua, mkigeuza kila siku. Jua kali la siku ya kwanza hupasua nje wakati ndani kungali maji, kwa hiyo siku hiyo weka kivulini penye upepo. Kabla ya kufunga gunia, angusha vipande kumi kutoka kiunoni juu ya sakafu ya saruji. Viwili vikivunjika, bado kazi ipo. Na shuleni muuze kwa kilo, msiuze kwa gunia.

Msisahau kumwambia mpishi kwamba vitofali vya pumba mbichi za mbao zilizoshindiliwa ni kitu kingine. Havijachomwa kuwa mkaa, kwa hiyo hutoa moshi kama kuni. Sokoni vyote huitwa mkaa mbadala.

Jiko moja, kuni na makaa?

*Niko na jiko la makaa la udongo ndani na bati nje, pia meko ya kuni aina ya roketi. Gesi ikiisha nataka kutumia ile fueli iko karibu. Naweza kubadilisha? Msomaji, Nakuru.*

Unaweza, lakini kwa upande mmoja tu. Kuni huwaka kwa gesi zinazotoka kwenye mti, na gesi hizo zinahitaji nafasi ya juu ili ziungue kabla hazijagusa sufuria. Roketi ina nafasi hiyo. Jiko la makaa ni fupi. Ukitia kuni, mwali unagonga sufuria baridi, unazimika katikati na kuacha masizi. Tena vijiti vinavyojitokeza kando hupigapiga udongo wa ndani na kuupasua. Hapo usibadilishe.

Briketi (mkaa mbadala ulioshindiliwa) kwenye roketi inawezekana ukikumbuka kwamba zenyewe hutaka hewa ya kutoka chini. Zikilala sakafuni, majivu yake yenyewe yanazizima. Kata wavu wa nondo za milimita 8 zilizoachana sentimita moja, uuinue sentimita 5 kutoka sakafuni. Koka kwa vijiti vikavu, vikishika weka briketi nusu kilo, na vijiti vikishaisha usiongeze vingine. Ziba mlango wa kuni kwa bati uache upenyo chini ya wavu tu. Kila nusu saa tikisa wavu majivu yaanguke. Usipulizie kwa mdomo ukiwa umeinama juu. Pepea kutoka chini.

Mkaa usio na moshi chumbani

*Shikamooni. Huku Makete mwezi wa sita na wa saba ni baridi kali. Tumenunua mkaa mbadala ambao muuzaji anasema hauna moshi, hivyo tunaweza kulala nao chumbani na mtoto mchanga. Ni kweli? Baba, Makete.*

Marahaba, na hapana, usifanye hivyo hata usiku mmoja.

Kukosa moshi maana yake ni kwamba macho hayaoni kitu. Kaa jekundu, la miti, la pumba au la makaa ya mawe, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Jiko la mkaa linaweza kuitoa kwa wingi kuliko moto wa kuni unaowaka vizuri. Tena moto wa kuni wenye moshi hukufukuza chumbani, ilhali huu wa mkaa hukubembeleza ulale. Gesi hiyo hushika damu kwa nguvu inayozidi oksijeni mara 200 na zaidi. Mtoto mchanga na mjamzito huathirika mapema. Jiko likifunikwa majivu ili lidumu mpaka asubuhi, ndipo hewa inapopungua na gesi kuongezeka.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na watu wa chumba kimoja huumwa pamoja. Wengi husema ni malaria au chakula. Ukihisi hivyo, toka nje na kila mtu kwanza, acha milango wazi, na mwende kituo cha afya hata mkipata nafuu. Mwambieni daktari kwamba kulikuwa na jiko ndani. Usirudi kutoa jiko huku ukihisi kizunguzungu.

Pashieni chumba joto jioni mkiwa macho, dirisha na mlango vikiwa na upenyo, kisha jiko litoke nje kabla ya kulala. Makaa yaliyobaki yatie kwenye debe la bati lenye mfuniko, nalo likae nje, kwa kuwa yanaweza kushika tena. Kitandani wekeni chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa nguo, mbali na ngozi ya mtoto. Kama mkaa wenu umetokana na makaa ya mawe, kama ule wa Rafiki wa STAMICO, shirika la madini la taifa, washeni nje mpaka uwe mwekundu kabisa, na pikieni penye hewa inayopita.

Jiko la sebuleni Uingereza

*Tumehamia nyumba yenye jiko la chuma la kuni na makaa, mlango wa kioo, hapa Uingereza. Tukitia kuni kioo kinakuwa cheusi, tukitia makaa yasiyo na moshi wavu umepinda. Wana ndugu wawili, Leeds.*

Nyie mnawasha kila nishati kwa hewa ya mwenzake. Kuni zinataka kulala juu ya majivu ya sentimita 2 au 3, na hewa ya juu iliyo wazi; ile ya chini ifungwe moto ukishashika. Hewa ya juu hushuka mbele ya kioo na kukisafisha. Kikiwa cheusi, hewa hiyo imefungwa mapema au kuni ni mbichi. Chanja ukuni mmoja na upime unyevu kwenye uso mpya, si kwenye ganda: usizidi asilimia 20. Tangu Mei 2021, kuni zinazouzwa England kwa kiasi kisichofika mita 2 za ujazo zinatakiwa ziwe na unyevu usiozidi hapo. Makaa ya mawe ya kawaida ya majumbani nayo yalikoma kuuzwa kabisa Mei 2023, kwa hiyo mkipewa gunia la zamani la jirani, likataeni kwa adabu.

Makaa yasiyo na moshi yanataka kinyume: wavu safi, hewa ya chini wazi, na droo ya majivu imwagwe kila siku. Majivu yakijaa mpaka kugusa wavu, hewa haiupoozi tena, chuma kinapinda. Wavu wenu umekufa hivyo. Nunueni mwingine kwa namba ya jiko.

Msichanganye viwili hivyo kwenye moto mmoja. Salfa ya makaa ikikutana na mvuke wa kuni hufanya tindikali inayokula bomba la chuma ndani ya dohani. Msafishaji aje mara moja kwa mwaka angalau. King'ora cha kaboni monoksaidi kiwe chumba hicho hicho, na betri ijaribiwe. Jaribuni pia kamba inayoziba ukingo wa mlango wa jiko: funga mlango juu ya kipande cha karatasi, kivute, kikitoka kirahisi, kamba imechoka. Waulizeni halmashauri kama mko eneo la kudhibiti moshi. Kama mko, kuni zinaruhusiwa tu kwenye jiko lililopewa kibali maalumu, na dohani inayotoa moshi huweza kutozwa faini ya hadi pauni 300.

Majivu yaende wapi?

*Ndoo mbili kila wiki. Nimwage bustanini? Bibi, Moshi.*

Shikamoo bibi. Ya kuni safi ndiyo, konzi mbili kwa mita ya mraba mara moja kwa mwaka, yakishapoa siku mbili kwenye ndoo ya bati. Yanapunguza tindikali ya udongo, kwa hiyo yasiende kwenye viazi mviringo, vinavyopata ukurutu, wala yasichanganywe na mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni kama urea, yataipotezea naitrojeni yake. Ya makaa ya mawe yasiguse mboga. Yafukie kwenye shimo mbali na kisima.